Rangi mbili si kondomu, mshikaji!

Huku Kabwe jua ni kali, ziwa limetulia na dagaa wameanikwa hadi macho yanachoka kutazama. Nyinyi mlioko Dar, Mwanza na Arusha, ambao mkisikia Rukwa mnawaza baridi ya Sumbawanga tu, naomba mjue kitu kimoja. Ukishuka kutoka nyanda za juu za Ufipa, ukapita Namanyere na kuteremka hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, koti unalikunja na kulitia kwenye begi. Ndiko niliko mimi na kalamu yangu.

Leo sina kisa cha sista duu kumtosa brazameni. Leo tunaongea mambo ambayo vijiweni tunayasema kwa kunong'ona, tena baada ya kugeuka kuangalia kama mjomba hapiti: magonjwa ya zinaa. Gono, kaswende, pangusa na ndugu zao wote. Wazazi mnaonunua gazeti hili kwa ajili ya michezo na kuishia kusoma ukurasa huu, shikamooni. Msikunje uso. Vijana wenu wanaumwa, na wengi wanajitibu gizani.

Kilichonichokoza ni ujumbe wa kijana mmoja anayejitambulisha kuwa yuko Sumbawanga mjini. Ameandika hivi: "Kaka, nimesikia huko majuu wamegundua kidonge unachomeza asubuhi baada ya kujirusha, na hupati gono wala kaswende. Washikaji wanasema ndizo hizi hizi rangi mbili za dukani. Kama ni kweli, kondomu za nini tena?"

Swali zuri sana, mdogo wangu. Jibu lake lina ndiyo kidogo na hapana kubwa. Mimi si daktari, shule yangu iliishia sekondari, lakini kusoma najua na kuuliza wenye taaluma siogopi. Kaa mkao wa kula nikupashe.

KIDONGE KIPO KWELI

Tuanze na ile ndiyo kidogo. Ipo dawa inaitwa doksisaiklini, ya ukoo mmoja na tetrasaiklini. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Hutibu magonjwa mengi yanayoletwa na bakteria, na wanaosafiri kwenye maeneo ya malaria huweza kupewa kama kinga. Huko Marekani, katika miji ya San Francisco na Seattle, watafiti waliichukua wakaijaribu kwa mtindo mwingine: mtu akishafanya mapenzi bila kondomu, anameza miligramu 200 mara moja, ndani ya saa 72. Majibu yalichapishwa mwaka 2023. Walioimeza walipata kaswende, klamidia na gono pungufu kwa karibu theluthi mbili wakilinganishwa na wasioimeza. Juni 2024 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ikatoa mwongozo wa kuitumia.

Umeshaanza kushangilia? Ngoja kwanza. Walioshiriki utafiti ule walikuwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, pamoja na watu waliozaliwa wanaume wanaoishi kama wanawake. Wote walikuwa ama wanaishi na VVU na wako kliniki, ama wanameza vidonge vya PrEP vya kujikinga na VVU. Kila baada ya miezi mitatu walikuwa wanapimwa. Na mwongozo wenyewe unawalenga watu wa kundi hilo ambao wamewahi kuugua magonjwa hayo ndani ya mwaka mmoja uliopita, tena waandikiwe na daktari. Hakuna mahali uliposema kijana wa kiume na binti wake watupe kondomu na kukimbilia duka la dawa.

Na wazo lenyewe wala si jipya. Mwaka 1979 yalichapishwa matokeo ya mabaharia wa jeshi la majini la Marekani ambao, baada ya kula raha kwenye bandari za Mashariki ya Mbali, walipewa minosaiklini, ndugu mwingine wa tetrasaiklini. Waliomeza waliugua gono wachache kuliko waliopewa kidonge bandia. Lakini dawa ilikuwa inaua wadudu legelege tu. Wale sugu walibaki wanatamba. Watafiti wenyewe wakasema kwa njia hiyo hatufiki mbali.

KISUMU WALIPATA NINI

Sasa tusogee jirani. Utafiti unaotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki ulifanyika Kisumu, nchini Kenya, pembeni ya Ziwa Victoria. Watafiti waliwachukua akina dada 449 wa umri wa miaka 18 hadi 30, wote wakiwa kwenye PrEP. Nusu wakapewa doksisaiklini ya kumeza baada ya tendo, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa kupimwa na kutibiwa. Wakafuatiliwa mwaka mzima.

Matokeo yalitoka mwaka 2023. Zilipatikana jumla ya ambukizo 109: upande wa waliopewa dawa 50, upande wa pili 59. Nyingi zilikuwa klamidia. Kwa hesabu za wataalamu, tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba huwezi kusema dawa imesaidia.

Kwa nini San Francisco ifanye kazi na Kisumu igome? Watafiti walikuwa wajanja. Kwa mdomo, akina dada wengi walisema dawa wanameza. Lakini nywele hazijui kudanganya. Dawa ukimeza huacha alama kwenye unywele, kwa hiyo waliokuwa kundi la dawa baadhi yao walichukuliwa nywele zikapimwa. Katika sampuli 200, zilizokutwa na dalili ya dawa zilikuwa 58 tu, yaani asilimia 29. Maana yake vidonge vingi havikufika tumboni.

Tusiwacheke dada zetu wale. Fikiria mwenyewe: binti anaishi chumba kimoja na mama na wadogo zake, atakificha wapi kichupa cha dawa? Akiulizwa anaumwa nini, atajibu nini? Na mwenzake akiviona, si ndio mwanzo wa kasheshe? Kidonge ni kidogo, lakini maneno ya watu ni makubwa.

Kuna jingine lililonitisha zaidi. Vimelea vyote vya gono vilivyooteshwa maabara katika utafiti ule vilikuwa sugu kwa doksisaiklini. Nimesema vyote. Hata yule aliyemeza kwa uaminifu kama anakula kiapo, kwa upande wa gono alikuwa anajifariji tu. Kwa hiyo ndugu yangu wa Sumbawanga, ukisikia mtu kijiweni anasema "meza mbili za rangi, gono haikusogelei", muulize kama amewahi kufika Kisumu.

RANGI SI JINA LA DAWA

Tuje huku kwetu sasa. Kabwe ni bandari na ni kambi ya uvuvi. Watu wanatoka Kigoma, wanatoka Kirando na Kipili, wengine wanatoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wafanyabiashara wa dagaa wanateremka kutoka Sumbawanga, wanalala siku mbili tatu wakisubiri mzigo. Na kalenda yetu ya starehe inaongozwa na mwezi. Siku za giza wavuvi wako ziwani na taa zao. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na vijana wanabaki nchi kavu wakiwa na noti mfukoni na usingizi hawana. Hapo muziki unapanda, bia zinafunguliwa, na mengine unayajua.

Asubuhi yake nenda ukasimame karibu na duka la dawa lolote la mwambao au la mjini. Nilisimama mara moja nikinunua dawa ya kichwa, nikasikia mazungumzo haya.

"Dada, mambo? Nipe zile za rangi mbili."

"Unaumwa nini, kaka?"

"Siumwi. Najihami tu."

"Ngapi?"

"Nne zinatosha."

Zikafungwa kwenye kikaratasi, hela ikatoka, kijana huyoo. Hakuna aliyetaja jina la dawa. Hakuna aliyeuliza cheti.

Wapenzi wasomaji, rangi mbili si jina la dawa. Tetrasaiklini imewahi kuwa ya rangi mbili. Amoksilini mara nyingi ni ya rangi mbili. Ampisilini nayo, na hata dawa nyingine zisizohusiana kabisa na bakteria huwekwa kwenye kapsuli za rangi mbili. Kiwanda kinachagua rangi kinavyotaka, kama timu ya mpira inavyochagua jezi. Ukinunua kwa rangi umenunua jezi, mchezaji humjui.

Na vidonge vinne hivyo havikutibu wala havikukingi. Vinachofanya ni kuwapa mazoezi wale wadudu. Dozi pungufu ni kama kumpiga nyoka fimbo moja ya mkiani ukaondoka. Nyoka hafi, na kesho anakujua. Ndivyo gono ilivyotushinda dawa moja baada ya nyingine. Penisilini ilikuwa mfalme wake, ikavuliwa taji. Tetrasaiklini ikafuata. Siprofloksasini nayo ikachoka. Sasa hivi tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni, na sehemu mbalimbali za dunia wameshaanza kukutana na gono ambayo hata sindano hiyo inaihangaisha. Ikitushinda na hiyo, tutakwenda wapi? Tutarudi enzi za babu, za kukojoa huku umeng'ata kitambaa.

KISA CHA KULI

Ninaye mshikaji wangu, kuli wa magunia ya dagaa. Jina namfichia, maana tunakula meza moja kwa mama ntilie na bado napenda kukaa naye. Huyu bwana alikuwa fundi wa kujihami. Kila akitoka kwenye starehe zake, kapsuli mbili na maji. Kondomu alikuwa anasema ni kula pipi na ganda lake. Akaoa. Mkewe akapata ujauzito, akaenda kliniki, akapimwa damu kama wanavyopimwa akina mama wote. Akakutwa na kaswende.

Nesi akasema mume aletwe. Jamaa akaenda kifua mbele, akijua yeye hahusiki. Kwa maelezo yake mwenyewe, mazungumzo yalikwenda hivi.

"Baba, na wewe tutakupima."

"Sista, mimi najikinga kila siku. Nameza dawa."

"Dawa gani, baba?"

"Rangi mbili."

"Za jina gani?"

Kimya. Anasema feni ya mle chumbani ndiyo iliyokuwa inajibu. Akapimwa, akakutwa nayo. Hakuwa na kidonda wala upele. Kaswende ndivyo ilivyo. Inakuja na kidonda kisichouma, kinapona chenyewe, unadhani umepona, kumbe imehamia ndani inatafuta chumba cha kudumu.

Wote wawili wakachomwa penisilini, ile sindano nzito ya kwenye makalio ambayo ukitoka unatembea kama bata. Mungu saidia, mtoto alizaliwa analia vizuri. Lakini ingekuwa vinginevyo je? Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba akina mama wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, karibu mmoja katika wanne alijifungua mtoto mfu. Na ulionyesha pia kwamba sindano moja tu ya penisilini wakati wa ujauzito inaondoa hatari hiyo. Sindano moja! Mshikaji wangu siku hizi akisikia mtu anataja rangi mbili anaondoka kijiweni.

KISICHOFANYWA NA KIDONGE

Hata tuseme umepata doksisaiklini yenyewe, halali, umeandikiwa na daktari. Ujue mipaka yake. Ni dawa ya bakteria. VVU ni kirusi, hakiguswi. Malengelenge ya sehemu za siri ni kirusi, hayaguswi. Virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, haviguswi. Homa ya ini aina ya B, haiguswi. Trikomona si bakteria, naye anapeta tu. Na mimba, dada yangu, wala haina habari na kidonge hicho.

Halafu mjamzito haitakiwi ajipe dawa hii mwenyewe, kwani inaweza kuharibu meno ya mtoto aliyeko tumboni. Watoto wadogo nao vilevile. Inataka imezwe na maji mengi na usilale papo hapo, la sivyo inaunguza koo. Ukiinywa na maziwa inapungua nguvu. Na inafanya ngozi iungue haraka na jua. Kwa mvuvi na kuli wa Kabwe, hilo la jua peke yake ni kesi.

Majirani wa Nairobi walishajaribu njia nyingine ya dawa. Wanawake wanaouza miili kule Kibera walipewa azithromaisini mara moja kwa mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: gono na klamidia zilipungua kweli, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Kidonge kilifanya kazi ya kidonge, kazi ya kondomu hakikuiweza.

TANZANIA TULISHAIFUNDISHA DUNIA

Msidhani nasema dawa hazina maana. Dawa sahihi kwa mgonjwa sahihi ni kitu kikubwa, na hapo Tanzania tuna haki ya kutembea kifua mbele. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, ulifanyika utafiti katika jamii 12. Sita kati yake, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa sawasawa, dawa zikahakikishwa zipo, wasimamizi wakawa wanapita, na wananchi wakaelimishwa waje mapema. Jamii sita nyingine zikasubiri zamu yao.

Baada ya miaka miwili, kule walikotibiwa vizuri maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima ilishtuka mwaka 1995 matokeo yalipotangazwa. Sababu yake ni rahisi kuelewa: mtu mwenye kidonda au usaha sehemu za siri ni kama nyumba iliyoachwa mlango wazi. VVU haihangaiki kuvunja, inaingia tu. Ukiziba gono na kaswende, umefunga mlango.

Hawakugawa kapsuli nne kwenye kikaratasi, wapenzi wasomaji. Walitibu kwa dozi kamili, wakamwambia mgonjwa amlete na mwenzi wake, wakampa na kondomu. Siri yote ilikuwa hapo.

TURUDI KWENYE MPIRA

Basi tuongee kondomu bila kuona aibu. Ikitumika kila mara na kwa usahihi, inapunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa asilimia 80 na zaidi. Inakinga gono, inakinga klamidia, inakinga trikomona, inakinga mimba. Kaswende na malengelenge inapunguza, ingawa kidonda kikiwa mahali ambapo mpira haufiki, bado kuna hatari. Hakuna kidonge chenye orodha kama hiyo.

Wapo wanaosema "niliivaa, ikapasuka". Mara nyingi mpira hauna kosa, kosa ni la mvaaji. Kwa hiyo shika haya:

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Bonyeza pakiti, usikie hewa ndani. Kama imekauka kama mgebuka wa juzi, tupa.

Usiiweke kwenye pochi unayoikalia miezi mitatu, wala juani kwenye mtumbwi. Joto linaua mpira.

Fungua kwa vidole, si kwa meno wala kisu cha samaki.

Bana ile chuchu ya mbele kutoa hewa, kisha vingirisha mpaka mwisho.

Usipake mafuta. Hapa kwetu nasikia watu wanapaka mawese, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando. Yote yanaoza mpira kwa dakika chache. Tumia vilainisho vya maji.

Usivae mbili kwa pamoja ukidhani unajilinda zaidi. Zinasuguana, zinapasuka zote.

Ukimaliza, toka ukiwa umeishika pale chini, ifunge, itupe chooni kwenye shimo au jalalani, si ufukweni ambako watoto wataipuliza kama puto.

Na akina dada, ipo ya kike. Unaivaa mwenyewe, hungoji ruhusa ya mtu.

NENO KWA DADA ZANGU

Ninyi nina neno nanyi la pekee, maana katika biashara hii mnalipa bei kubwa kuliko sisi. Mwanaume akipata gono, mara nyingi ndani ya siku chache anajua: anakojoa anaruka. Mwanamke anaweza kukaa na gono au klamidia miezi bila dalili hata moja. Anapika, anacheka, anasuka nywele, huku ugonjwa unapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi. Miaka inapita, anaolewa, mtoto hapatikani. Mawifi wanaanza maneno. Anapelekwa kwa mganga huyu na yule, anafukizwa na kuchanjwa chale, anaambiwa amefungwa na shangazi yake. Kumbe aliyemfunga ni yule brazameni wa miaka sita iliyopita aliyekuwa na kapsuli mbili mfukoni.

Kwa hiyo akikwambia "mimi nimeshameza dawa, usiwe na wasiwasi", mwambie asante, lakini vaa. Akisema humwamini, mwambie unamwamini, usiowaamini ni wadudu. Akinuna, mwache anune. Kununa hakuambukizi.

UKISHATELEZA

Sisi ni binadamu, kuteleza si kuanguka. Ukiwa umelala na mtu bila kinga au mpira umepasuka, usikimbilie rangi. Kimbilia kituo cha afya, na ukimbie kweli, maana saa zinahesabika. Zipo dawa za dharura za kuzuia VVU. Zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisizidi saa 72, kisha unameza siku 28 bila kuruka. Waulize kama unastahili. Waulize pia kuhusu dharura ya mimba, na kama umebakwa, dada au kaka, ndiyo kabisa usioge ukanyamaza. Nenda.

Ukiona usaha, kidonda, maumivu ukikojoa, harufu isiyo ya kawaida au maumivu chini ya tumbo, nenda ukapimwe. Maliza dozi hata kama maumivu yameisha siku ya pili. Acha mapenzi mpaka mtakapopona wote wawili, na mwambie mwenzako ukweli, la sivyo mtakuwa mnarudishiana ugonjwa kama mpira wa tenisi. Hata kama huna dalili, pima. Na ukipimwa hayo, pima na VVU hapo hapo.

Najua mnachokiogopa. Mnaogopa kukutana na nesi ambaye ni rafiki wa mama, au kukaa kwenye benchi watu wanakutazama. Wakubwa wanaosoma hapa, hili ni lenu: kijana akikaripiwa mapokezini, kesho haji, anakwenda kununua rangi. Kauli nzuri ya mhudumu ni nusu ya dawa. Nanyi wauzaji wa dawa, mteja akisema "rangi mbili nne", msimfungie kikaratasi. Mwelekezeni zahanati. Mtakosa shilingi chache za leo, lakini mtakuwa mmemwokoa mtu, mkewe na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wakasema tena mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuwa na maabara wala hawakupima nywele za mtu, lakini walikuwa wameona mengi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Sumbawanga, jibu lako ni hili: kidonge kipo, kimesaidia watu fulani, mahali fulani, chini ya jicho la daktari. Kisumu hakikusaidia, na gono ya huku kwetu haikiogopi. Kondomu bado ni mfalme. Mwezi mpevu unakaribia, mitumbwi itapumzika na muziki utapigwa. Ukienda kucheza, nenda na zana zako.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongea juu ya wanaume wanaokopa suti kwa ajili ya kwenda kujitambulisha ukweni. Mpaka hapo, jilindeni, pendaneni, na msalimieni mjomba.